Uwongo Njoo: Hadithi Nzuri Haidaiwi Fundisho

Mama mmoja muuza pweza alitusimulia, kwenye benchi la mama ntilie karibu na stendi ya mabasi hapa Mtwara, jinsi alivyokwama Somanga Mei 2024, wakati mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Habari yenyewe tuliijua. Redio ilishaitangaza, na picha za lami iliyomegwa kama mkate tulitumiana kwenye simu mpaka tukachoka. Kijana aliyekaa kulia kwangu alikuwa ametoka kuisimulia yeye pia, maana naye alikwama palepale. Alianza na saa waliyoondoka, akataja basi, akaeleza foleni ilivyokuwa, viongozi waliofika, malori yaliyomwaga mawe. Hakukosea kitu. Alipofika katikati, watu wawili walikuwa wameshainamia simu zao na mmoja anaagiza chapati ya pili.

Yule mama akaanza hivi: "Mimi nilikuwa na madeli mawili ya pweza, na barafu niliyonunua Lindi ilikuwa ya kunifikisha jioni. Haizidi hapo."

Simu zikashushwa.

Hakuanza na kimbunga. Alianza na barafu, na kwa barafu ile akatupa saa ya kuitazama. Kuanzia hapo kila kitu tulikipima kwa hiyo. Aliposema kiongozi fulani amewasili na msafara wake, hakuna aliyeuliza cheo chake. Tulichotaka kujua ni kama barafu bado ipo. Akasema alipopitisha mkono chini ya deli mara ya kwanza, ulitoka umelowa. Baadaye konda akaja juu: maji yanatiririka kwenye buti, mabegi ya watu yananuka. Jua likazama. Watoto ndani ya basi wakaanza kulia njaa, na waliokuwa wakiuza mihogo ya kuchemsha pembeni ya barabara walikuwa wameshamaliza mpaka vipande vya mwisho. "Nikafungua deli," akasema, akanyamaza, akavuta kikombe chake.

Kijana wa foleni akashindwa kuvumilia. "Sasa ikawaje, mama? Uliwagawia au uliwauzia?"

"Kwani nilirudi nao?"

Basi. Hakuongeza neno. Benchi zima likaingia kwenye ubishi: mmoja anasema pweza wa njaa hauzwi, mwingine anasema mtaji ni mtaji, wa tatu anataka kujua sufuria lilipatikana wapi. Ubishi ule ulidumu mpaka basi la Masasi likapiga honi.

Nimekuwa nikiandika kwa muda sasa, na nikiulizwa hadithi nzuri ni ipi siku hizi nakumbuka benchi lile. Kijana alikuwa na habari nyingi kuliko mama. Mama alikuwa na kitu kimoja ambacho kingeharibika, akatuacha tukitazame kikiharibika, na alipofika pale ambapo msikilizaji mwenyewe anaweza kuendelea, akatoka njiani. Hatukuambiwa tumwone ni mwema wala tumwone ni mchoyo. Kazi ile aliiacha kwetu, na tuliifanya kwa kelele.

Ndiyo sababu nina ugomvi wa siku nyingi na swali moja la shuleni. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii analijua: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nikiwa darasa la nne tulisomewa kisa cha sungura na fisi, nikaandika kwamba hakifundishi kitu, kinachekesha. Nilipewa sifuri, tena nikasimamishwa mbele. Jibu sahihi lilikuwa tusiwe wajinga kama fisi. Lakini mtu aangalie sungura mwenyewe anafanya nini katika visa vyetu. Anaiba, anadanganya, anamfungisha rafiki yake mtini, anakula mavuno asiyoyalima, halafu anaondoka anachekelea. Ukitaka fundisho hapo, utalipata: iba kwa akili. Mwalimu anajua hivyo, ndiyo maana analikwepa. Na darasa zima, tulivyokuwa arobaini na kitu kwenye madawati ya watu kumi na tano, tulikuwa upande wa sungura, kwa sababu ni mdogo na anawashinda wakubwa bila kuomba ruhusa. Hicho ndicho kisa kilichotupa, na hakikuwa na nafasi kwenye mstari wa majibu.

Najua nitakachojibiwa huku kwetu. Na jando je? Na unyago? Kule si watu wanafundishwa waziwazi? Wanafundishwa, ndiyo. Lakini aliyekaa na makungwi atakuambia kwamba mengi hupita kwenye nyimbo na mafumbo, na fumbo haliji na majibu yake nyuma ya daftari. Mwali anaweza kuimba wimbo leo akauelewa akiwa na mtoto wa pili. Kungwi angeuliza "wimbo huu unatufundisha nini?" hapohapo, angekuwa amejipotezea kazi.

Chukua simulizi ya asili ya Wamakonde. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika, na baada yake wameiandika wengine kwa namna zinazotofautiana kidogo. Kiini chake ni hiki. Hapakuwa na watu. Palikuwa na kiumbe mmoja porini, peke yake, hanyoi wala haogi. Siku moja akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha karibu na anapokaa. Usiku ukapita. Kulipokucha, sanamu ilikuwa mwanamke hai, akawa mkewe. Wakaishi karibu na mto, wakapata mtoto, mtoto hakuishi. Wakahama, wakapata wa pili, naye hakuishi. Wakapanda juu zaidi, kwenye vichaka vya uwanda wa juu, wakapata wa tatu. Huyo akaishi, na ndiye wa kwanza wa Wamakonde.

Ukilazimisha fundisho, utasema: msikae mabondeni. Na ni kweli kwamba Wamakonde walishika desturi ya kukaa juu, mbali na mto. Mtu wa afya atadakia kwamba mabondeni kuna mbu. Ronald Ross alikuwa ameonyesha uhusiano wa mbu na malaria mwaka 1897 tu, miaka tisa kabla Weule hajafika, ilhali simulizi ilikuwa imeshaweka makaburi mawili ya watoto kando ya mto bila kutaja mdudu yeyote. Mwanahistoria naye atasema watu walipanda juu kukimbia vita, uvamizi wa Wangoni na wakamata watumwa katika karne ya 19. Wote wawili wana hoja. Lakini hakuna hata mmoja aliyenigusa kama yule mtoto wa pili. Wa kwanza ni msiba. Wa pili ndipo unapojua kwamba kuna jambo. Msimuliaji aliyejua kazi yake alimweka pale kwa makusudi, kwa sababu bila yeye wa tatu ni mtoto tu.

Halafu kuna kile ambacho simulizi haikukisema, ila kila mwanamke wa Newala aliyewahi kuisikiliza alikijua mgongoni na shingoni. Juu hakuna maji. Uhai uko juu, maji yako chini, na kati yake kuna mteremko ambao mtu ataupanda na debe kichwani maisha yake yote. Miradi ya kusukuma maji kupeleka uwanda wa Makonde inahangaikiwa tangu enzi za mkoloni, na hadi leo maji ni mada isiyokosekana kwenye mikutano ya hadhara huko. Sasa niambie, ni sentensi gani ya "tumejifunza kwamba" itabeba vyote hivyo pamoja?

Kilwa wana hadithi yao, na yao inanivutia kwa sababu nyingine. Mgeni akifika Kilwa Kisiwani ataambiwa kwamba magofu yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, kwamba Ibn Battuta alipita hapo 1331. Ataitikia kwa kichwa, atapiga picha Husuni Kubwa. Lakini akiambiwa habari ya nguo, atageuka kuutazama mkondo wa maji unaokitenga kisiwa na bara. Ali bin al-Hassan, Mshirazi kama inavyosimuliwa, alimwomba mwenye kisiwa amuuzie. Bei ilikuwa nguo ya kuzunguka kisiwa kizima. Nguo ikatandazwa, pande zikakutana, na mwenye kisiwa, ambaye masimulizi ya Kiswahili humwita Mrimba, akachukua nguo zake akahamia bara. Wakati huo maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mrimba akabadili nia, akataka kurudi na watu wake. Akangoja maji yatoke. Hayakutoka tena.

Kwa nini hayakutoka? Hapo ndipo wasimulizi wanapoachana. Historia iliyoandikwa kwa Kiarabu inasema mkondo ulichimbwa. Masimulizi ya Kiswahili yanasema ni kisomo na kafara. Wengine hukerwa na tofauti kama hizi, wanataka waambiwe ipi ndiyo yenyewe. Mimi naona ndipo penye utamu. Mchimbaji ni mtu mjanja, msomaji ni mtu anayesikilizwa na Mungu; kila msimuliaji ametuchagulia mnunuzi wa aina gani tukae naye. Na matoleo yote mawili ni ya upande mmoja, upande uliobaki kisiwani na kalamu. Mrimba alipofika bara na marobota yake, jioni, wajukuu wamemzunguka, aliwaambia nini? Kwamba aliuza? Kwamba alidanganywa? Kwamba nguo zile zilikuwa nzuri? Hadithi hiyo lazima ilikuwapo. Ningetoa gunia la korosho kuisikia.

Nafika kwenye sababu ya hadithi kuwa na uzito, na hapa sitaki kuimba sifa tu, kwa sababu hadithi huua pia. Mwaka 1905, kwenye vilima vya Umatumbi, Nandete, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kilichokuwa kimetangulia ni simulizi: kwamba huko Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale ana maji yatakayozifanya risasi za Mjerumani ziwe maji. Simulizi hiyo ilitembea kwa miguu, kijiji kwa kijiji, ikaunganisha watu ambao hawakuwa na lugha moja wala mtawala mmoja. Hakuna tangazo lingefanya hivyo. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, mapema kabisa, na maneno yakaendelea bila yeye hadi Songea. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala.

Sasa kumbuka bibi zetu walivyofungua hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Au: "Hadithi, hadithi!" Nasi tunaitikia: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Tangu utotoni niliona ni nyimbo tu za kuchangamsha. Siku hizi naona ni mkataba. Kabla hajataja jina la mnyama hata mmoja, msimuliaji anatutangazia kwamba uwongo unakuja, na sisi tunaukaribisha kwa midomo yetu wenyewe. Baada ya hapo fisi anaweza kuvaa kanzu, hakuna atakayedhurika. Simulizi ya hatari ni ile inayoingia bila hodi ya namna hiyo. Kila msimu wa korosho tunaletewa hizo kwenye simu: sauti ya mtu asiyejitaja jina, anahema, anasema amesikia kwa mtu wa ndani kwamba mnada ujao bei itapaa, msiuze kwanza. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuisomba, hakuna kijiji kilichokosa mtaalamu wa kueleza pesa ziko njia gani na zimelala wapi. Zile zilikuwa hadithi tamu. Zilikosa tu mtu wa kusema "uwongo njoo".

Aliyelelewa na hadithi nyingi, nadhani, anazijua kwa harufu. Anajua mtu akikupa mwisho mzuri haraka mno, kuna kitu ameficha katikati. Sina utafiti wa kuthibitisha hili. Ninao bibi.

Kuna aina nyingine ya uwongo ambayo nimeshiriki mwenyewe, tena kwa malipo. Mwaka 2020 shirika moja lilinipa kazi ya kuandika "hadithi za mafanikio" za vikundi vya akina mama wanaobangua korosho Tandahimba. Mmoja wao alinipokea uwani, ameketi na lundo la korosho, vidole amevipaka majivu, maana mafuta ya ganda la korosho hula ngozi kama asidi. Tukazungumza mkopo, mashine, mauzo. Alijibu vizuri, kama mtu aliyekwisha kujibu watu wengi. Kisha akacheka, akanionyesha mikono. Alisema kipindi kile cha kusajili laini za simu kwa alama za vidole, alikwenda mara nne. Kila akiweka kidole, mashine inakataa. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Akaambiwa anawe kwa sabuni, akanawa. Akaambiwa apake mafuta, akapaka. Kijana wa mashine mwishowe akamuuliza, "Mama, wewe una vidole kweli?"

Korosho ilikuwa imemfuta.

Niliandika hivyohivyo. Ripoti ilipotoka, aya ile haikuwamo. Niliambiwa haihusiani na mradi. Kilichobaki ni picha yake akitabasamu na maneno "Sasa maisha yangu yamebadilika," ambayo hakuyasema, ila hakuna aliyeona ubaya wa kumsaidia kuyasema. Ripoti za namna hiyo nimezisoma nyingi tangu hapo. Mwanamke ni mmoja, anabadilishwa jina na wilaya. Alikuwa hana, akaja mradi, sasa anacho. Ni hadithi ya fundisho iliyovaa suti. Huulizi kitu ukimaliza kuisoma, na aliyeiagiza hapendi uulize.

Ndivyo tunavyopoteza, na kusini tumepoteza vikubwa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Yule mjusi mkubwa, kama tunavyomwita, amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na mjadala wa arudishwe au asirudishwe umefika mpaka bungeni. Tunabishana kuhusu mifupa. Lakini ile mifupa haikuwa na magurudumu. Ilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo, kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi. Mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake angalau lilibaki. Waliobeba walikuwa mamia, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla. Fikiria mtu mmoja kati yao. Amezika ndugu kwa njaa. Sasa analipwa kubeba mfupa uliofungwa vizuri kuliko maiti yoyote aliyoizika, na anaambiwa apunguze mwendo usivunjike. Usiku, kwenye moto wa njiani, wenzake wanasema mnyama huyo alikuwa nini?

Mita 13 ni habari, na nimeitaja kwa sababu inashangaza. Hadithi ilikuwa kwenye ule moto, na ulizimika bila mtu kukaa hapo na daftari. Kwa vita vyenyewe vya Maji Maji tulibahatika kidogo: mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee walioviona, na bila kazi ile tungetegemea zaidi barua za maofisa wa Kijerumani. Wazee wale wote wameshaondoka.

Kwa hiyo nimeanza na mjomba wangu, Newala. Ana miaka themanini na ushee na simu yangu haimtishi. Ninamwacha aseme anachotaka, na anachotaka karibu kila mara ni usiku ule ambao mama yake alimchukua kwenda kuteka maji bondeni, mtoto wa miaka sita, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Waliondoka jogoo hajawika. Wakati wa kurudi, katikati ya mteremko, mnyama akakatiza njia akasimama mbele yao, na mama yake akasimama naye, debe kichwani, mkono mmoja umemshika yeye. Hapo mjomba huinuka kunionyesha alivyosimama.

Nimerekodi mara tatu. Mara ya kwanza mnyama alikuwa fisi. Mara ya pili, chui. Mwezi uliopita alikuwa simba, tena jike mwenye watoto. Sijamsahihisha. Debe, mara zote tatu, halikumwaga hata tone.